Nyumba Iliyokosa Mnunuzi kwa Kupata Wasimamizi

Mtaa wa Las Retamas,
La Paz.
Tarehe 14 Aprili

Ndugu Mhariri,

Kwanza pole na kazi. Najua gazeti la Jumapili halijiandiki lenyewe, na mtu wa kuliandika hapati hata nafasi ya kunywa chai yake ikiwa bado moto. Mimi ni mzima, ila miguu inanung'unika kwa sababu ya ngazi za mtaa wetu, ambazo ni mia moja arobaini na mbili kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwangu. Idadi hiyo nilipewa na binti yangu, Mhandisi Neyza Mollo Callisaya, aliyezihesabu akiwa na miaka sita, na siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba yule si mtoto wa hivihivi.

Nakuandikia kuhusu ukurasa wenu wa "Nyumba Yako", na hasa kuhusu yule mama mnayemwita Msanifu Ivonne. Mwezi wa pili aliandika makala yenye kichwa "Uza Nyumba Yako Bila Kufungua Pochi". Niliikata kwa mkasi, nikaibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni, nikaifuata kama dawa iliyoandikwa na daktari, asubuhi na jioni. Leo nyumba yangu ndiyo nzuri kuliko zote mtaani, wala simtanii mtu, na haiuziki. Usidhani haina mnunuzi. Mnunuzi ninaye. Pesa anazo, nyumba anaipenda, mkewe anaipenda zaidi, na anakataa kuinunua kwa sababu ya adabu. Kosa ni la gazeti lenu, na nitalieleza kwa mpangilio, maana ingawa mimi niliishia darasa la tano, nimeishi na mhandisi ndani ya nyumba na mpangilio naujua.

Lakini kwanza ujue kwa nini nauza, watu wasije wakasema ni njaa. Nauza kwa sababu ya mjukuu. Mhandisi Neyza anajenga madaraja huko Santa Cruz, kwenye joto, na ameolewa na kijana wa hukohuko anayeitwa Erland, mkwe mzuri, ingawa anakula wali na kila kitu. Mtoto wao wa kwanza anatarajiwa wiki ya Siku ya Mama, mwishoni mwa Mei, nami nimeapa kwamba mikono ya kwanza kumwogesha itakuwa hii inayoandika. Ila siendi kulala kwenye kochi la mkwe. Mama mkwe asiye na kitanda chake ni mzigo, na mzigo huanza kusemwa siku ya tatu. Nataka niuze hapa, nipate vyumba viwili kule, karibu nao, niwe na jiko langu na mlango wangu wa kufunga nikikasirika. Kila Jumapili Neyza hunipigia simu kuniambia neno lilelile: "Mama, uza uje. Mtoto hatangoja rangi ikauke." Ana ulimi huyo, kaurithi kwa babake.

Babake, marehemu Severo, alikuwa fundi mwashi, na nyumba hii aliijenga kwa siku za Jumapili. Siku sita alijenga za watu, ya saba akajenga yetu. Ndiyo maana ilichukua miaka tisa, na ndiyo maana haina ufa hata mmoja. Sasa nisikilize.

LALAMIKO LA KWANZA ni la picha. Msanifu Ivonne anasema toa ukutani picha zote za familia pamoja na vyeti, ili mnunuzi ajione yeye na watoto wake, asikuone wewe. Ndugu Mhariri, sebuleni kwangu zilikuwepo fremu kumi na tisa. Neyza amevaa joho. Neyza anapokea zawadi ya hesabu. Neyza na kofia ngumu juu ya daraja, mto uko chini yake mdogo kama uzi. Neyza na mkuu wa chuo, hapo mkuu wa chuo amefumba macho lakini Neyza ametoka vizuri. Nilizitoa zote, nikajisikia kama mtu aliyeambiwa aoge sokoni. Na mnunuzi alifaidika nini? Mtu akinunua kuku huuliza kama anataga. Anayenunua nyumba naye ana haki ya kujua nyumba hiyo imetoa nini. Nyumba za kule chini bondeni zina bafu mbili mbili, sawa, lakini nioneshe ipi imetoa mhandisi wa madaraja. Kitu cha thamani kuliko vyote humu ndani, na Msanifu ananiambia nikisukume chini ya kitanda.

Tena fremu zilipotoka, ukutani yalibaki madoa kumi na tisa meupe, kwa kuwa kwingine kote moshi ulishafanya kazi yake kwa miaka ishirini. Mnunuzi wa kwanza, mwalimu mstaafu, alizunguka sebule akiyatazama yale madoa, mwisho akaniuliza kwa sauti ya pole kama tuliibiwa lini. Ikanibidi nimweleze doa moja moja lilikuwa picha gani na Neyza alikuwa darasa la ngapi. Tulipofika doa la kumi na moja akakumbuka kwamba ana miadi. Hajarudi. Angeziona picha zenyewe tungemaliza haraka.

LALAMIKO LA PILI, na hili ndilo lililotumaliza, ni ile sentensi inayosema: "Usinunue, azima, tumia watu ulio nao." Labda Msanifu alisomea ng'ambo, kule ambako mtu akikuazima kitu unakirudisha na mambo yanaishia hapo. Wewe ni mtu wa La Paz, Ndugu Mhariri, nakuuliza: siku ya harusi yako keki ilitoka wapi? Kwa msimamizi wa keki. Bendi je? Msimamizi wa bendi. Na bia? Walikuwa wawili. Asiye na pesa katika mji huu hakopi, anasimamiwa. Anavaa vizuri, anabeba bia mbili na mkate, anabisha hodi kwa mtu mwenye uwezo kidogo na kumwomba amsimamie kitu fulani. Mtu huyo hakatai, kukataa ni aibu. Na akishakitoa anakuwa kompadre wako, nawe unakuwa komadre wake, hata kama alichotoa ni bakuli la sukari. Udugu huo hauna talaka.

Basi nikatafuta wasimamizi. Madoa ya ukutani yalitaka rangi, kwa hiyo Bwana Zenón, fundi rangi wa ngazi ya juu yangu, akawa msimamizi wa rangi. Alileta zile alizobakiza alipopaka shule ya chekechea, ndoo tatu, hakuna hata moja iliyotosha ukuta mzima. Kwa hiyo sebule yangu ni ya manjano hadi kifuani, ya bluu hadi darini, na nyuma ya mlango kuna bata watatu, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshazoea. Bi Saturnina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akawa msimamizi wa mapazia. Mwenye duka la kona akawa wa zulia la mlangoni. Shemeji yake akawa wa balbu. Mpaka Machi inaisha nilikuwa na wasimamizi kumi, pochi haijafunguliwa hata zipu, na hapo, nakiri, nilimsifu Msanifu mbele ya watu.

Nilikuwa sijafikiria jambo moja. Msimamizi ana haki ya kwenda kutazama alichokisimamia. Nikisema tu kwamba kesho kuna mtu anakuja kuiona nyumba, wote kumi hufika kabla yake, wamevaa nguo za misa, wanajipanga kwenye viti kuzunguka ukuta na kunyamaza. Mnunuzi anaingia, hajatamka neno, Bwana Zenón anamuuliza anaionaje rangi. Wa balbu anawasha na kuzima, anawasha na kuzima. Mama mmoja aliyetoka mtaa wa mbali aliona watu kumi wamekaa kimya hivyo, akavua kofia, akanishika mkono, akanipa pole ya msiba. Nilimkubalia pole yake, ningefanyaje, alishaanza kulia.

Lakini Bi Saturnina ndiye aliyezidi. Mapazia yake yakifungwa ndipo maua yake yanaonekana, kwa hiyo anayafunga. Na nyuma ya mapazia hayo, Ndugu Mhariri, umesimama mlima Illimani mzimamzima na theluji yake yote, kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho mtu wa bondeni angekilipia bila kuuliza maswali. Nilimwomba kwa upole ayafungue kidogo tu, kiasi cha mlima kuchungulia. Akanijibu mbele ya mnunuzi:

"Komadre, mlima kila mtu anauona bure. Mapazia haya yapo hapa tu."

Utamjibu nini mtu ambaye umeshamwita komadre?

LALAMIKO LA TATU ni fupi. Msanifu anasema uso wa nyumba ni mlango wa mbele. Nani kamwambia? Tangu magari ya kamba yaanze kuning'inia juu ya vichwa vyetu, uso wa nyumba yoyote ya Las Retamas ni paa. Kila asubuhi nikianika nguo natazamwa kwa juu na watu wengi kuliko wanaomtazama padri. Hata hivyo nilitii. Nilisugua mlango siku mbili, nikaupangia maua ya makopo ya maziwa kushoto na kulia. Hakuna aliyeuona. Mtu aliyepanda ngazi mia moja arobaini na mbili hatazami mlango, anatafuta pa kukaa.

Ndipo nikatumia akili yangu mwenyewe. Bwana Zenón alipanda juu na rangi ya manjano, akaandika kwenye mabati, herufi kubwa kama mtu mzima, INAUZWA, na chini yake namba ya simu. Tarakimu ya mwisho ikaangukia nyuma ya tangi la maji. Kwa siku tisa abiria wa magari ya kamba walikuwa wakikisia, na daktari mmoja wa meno wa upande wa pili wa mji alipokea simu zangu zote, mpaka akawa anaijua nyumba yangu vyumba vyake kuliko binamu zangu. Silaumu gazeti kwa ajili ya tangi. Nalaumu kwamba Msanifu hakulitaja paa hata mara moja. Angelitaja mapema, tungepata muda wa kupima.

LALAMIKO LA NNE: harufu. Makala inasema harufu ya mkate unaookwa humfanya mnunuzi aipende nyumba kabla hajaiona. Tanuri sina. Nina sufuria, na katika sufuria hiyo napika supu ya karanga ambayo marehemu Severo alisema inaweza kumrudisha mtu kutoka Argentina, na kweli yeye ilimrudisha mara mbili. Nikaipika. Harufu ikashuka ngazi zote hadi kituoni. Watu wakaja kuiona nyumba, kisha wakarudi kuiona tena, saa sita na nusu kamili, na mmoja akaja na wakwe zake wote wawili ili nao watoe maoni. Nikasema moyoni, hawa hawanunui nyumba, hawa wamekuja na njaa yao. Lakini mwenyeji hafukuzi mtu aliyeshika kijiko.

Katika hao walikuwemo Bwana Wálter Poma, muuza matairi wa barabara kuu, na mkewe Bi Benita, na hawa wawili walikuwa wa kweli. Nilijua mara moja. Bwana Wálter aligonga kuta kwa kidole, akasikiliza, akasema aliyezijenga alikuwa fundi, nikampenda hapohapo. Bi Benita alikwenda moja kwa moja kwenye mapazia na kuyafungua bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Bi Saturnina alishusha pumzi kama aliyechomwa sindano. Bi Benita akautazama mlima, akaingia chumba cha Neyza, akakaa kitandani, akauliza jua la asubuhi huingilia upande gani. Mtu anayeuliza jua ameshahamia moyoni. Kizuri chajiuza, nikajisemea, na jioni ile nikampigia Neyza nikamwambia aanze kunitafutia vyumba.

LALAMIKO LA TANO ndilo lenye machozi. Nanukuu, kwa sababu makala iko pale kabatini naiona nikiwa nimekaa: "Mfanye mnunuzi ajisikie kuwa mmoja wa familia." Haya. Kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kimekufa siku nyingi, tulikuwa tunafunga kwa kuegemeza kiti. Nikavaa sketi yangu ya marinda ya sherehe na kofia yangu nzuri, nikabeba bia mbili na mkate, nikamfuata Bwana Wálter dukani kwake katikati ya matairi, nikamwomba awe msimamizi wa kitasa. Mawazo yangu yalikuwa haya: mtu akishatia kitasa chake mlangoni, mlango ni wake, na mwenye mlango atakosaje kuinunua nyumba iliyobaki nyuma yake? Nilipomweleza Mhandisi Neyza kwa simu alinirudisha nyuma hatua moja moja, kama afanyavyo anapokagua hesabu kubwa. Kisha akasema, "Mama, umemfanya nani kompadre wako?" Nilidhani simu haisikiki vizuri nikamrudia kwa sauti.

Bwana Wálter alikubali, hata akafuta macho. Alileta kitasa cha shaba, kizito, na funguo tatu. Tulikifunga Jumamosi, tukakimwagia bia kama inavyotakiwa, tukakirushia vipande vya karatasi za rangi, wasimamizi wote wakapiga makofi, naye akanikumbatia na kuniita komadre. Alikuwa wa kumi na moja. Siku ya tatu akaja na mkewe tupatane bei.

Umewahi, Ndugu Mhariri, kuona watu wawili wakipatana bei huku kila mmoja anamwonea mwenzake haya? Nilitaja ile niliyokuwa nimeipanga tangu zamani. Yeye akainamisha kichwa. Nikaona, huyu sasa ni kompadre, nitamkamuaje mtu aliyenipa kitasa? Nikaishusha. Akashtuka, akasema hatamdhulumu komadre wake, akataja kubwa kuliko ile yangu ya kwanza. Nikaona ananichukulia kama ombaomba, nikashusha tena. Yeye akapandisha. Bei zetu zilipishana angani kama magari ya kamba, moja inakwea, nyingine inateremka, na hakuna kituo. Bwana Zenón alisema hajawahi kuona biashara ya namna hiyo, na yeye ameshapaka kanisa. Bi Benita akaanza kulia, nami nikaona bora nilie naye asilie peke yake. Mwishowe Bwana Wálter alizipanga funguo zote tatu juu ya meza, akasema polepole:

"Komadre, tuache. Mtu hamtoi komadre wake kwenye nyumba aliyojengewa na mumewe. Nikilala humu nitapata usingizi gani?"

Akavaa kofia yake, akanibusu mkono, akaondoka. Kitasa kinafunga vizuri sana.

Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha hodi. Walio mtaani wote ama ni makompadre zangu ama ni makompadre wa makompadre zangu, na wa nje wanasikia kwamba ile nyumba ina wenyewe. Mei iko mlangoni. Nimeshafuma soksi jozi sita za sufu, ingawa Neyza anasema kwenye joto la Santa Cruz mtoto ataiva ndani yake kama kiazi. Usiku simu ikilia nadhani ni uchungu umeanza na mimi niko hapa, nimekaa na nyumba nzuri kuliko zote na sina wa kumwachia. Jumapili iliyopita Neyza hakuniambia habari ya rangi. Aliniuliza tu kwa sauti ndogo kama nitafika. Ndugu Mhariri, mtoto huyu hajawahi kuniuliza kitu kwa sauti ndogo tangu azaliwe.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, nadai yafuatayo.

Kwanza, mchapishe ukurasa wa mbele, kwa herufi kama za bati langu, kwamba kununua nyumba ya komadre si aibu. Bwana Wálter husoma gazeti lenu kila Jumapili, ingawa sehemu ya mpira.

Pili, Msanifu Ivonne apande ngazi hizi yeye mwenyewe na kuwaeleza wasimamizi wangu kumi na mmoja kwamba warudi makwao. Nitampikia. Namshauri asianze na Bi Saturnina.

Tatu, mnitafutie cheti cha kuvunja ukompadre wa kitasa. Nimeshamuuliza padri wa parokia. Alicheka mpaka akashika meza, akasema Kanisa linajua kuvunja mambo machache sana na kitasa hakimo, kisha akauliza kama supu imebaki.

Nne, yote hayo yakishindikana, nyumba hii inunuliwe na gazeti lenyewe. Nimelifikiria sana jambo hili na naliona la haki. Ofisi zenu ziko chini bondeni, mmebanwa na majengo, dirisha la mwandishi linatazama dirisha la mwandishi. Ndiyo maana habari zenu zote zinafanana. Hapa mngeandika mkitazama theluji. Waandishi wenu wangepanda ngazi kila asubuhi, wakapungua matumbo. Uso wa paa mnao bure, mnaweza kuandika juu yake habari za siku na abiria wote wakazisoma. Chumba cha Neyza nawashauri mumpe yule anayeandika kuhusu uchumi, huenda hesabu zikamwingia. Na la muhimu kuliko yote, wewe, Ndugu Mhariri, si kompadre wangu. Mimi na wewe tunaweza kupatana bei kwa chuki safi, kama watu wasiojuana. Nakuonya tu kwamba kwa mtu baki sijawahi kushusha hata ya kitunguu.

Basi sina la ziada, nisije nikamaliza daftari la watu. Nikutakie afya, wewe na wote mlio hapo ofisini, wanaoandika, wanaopiga chapa na yule anayefagia, maana najua ndiye anayefika wa kwanza. Nisalimie mama yako kama yupo hai. Mwambie mwenzake katika kulea anamsalimu. Na Msanifu Ivonne naye nisalimie. Sina kinyongo naye, nina nyumba.

Ni mimi, kwa heshima na matumaini,

Toribia Callisaya, mjane wa Mollo,
mama yake Mhandisi Neyza.

N.B. Santa Cruz, tarehe 30 Mei.

Ndugu Mhariri, barua hii haikupata kwenda posta. Siku mbili baada ya kuiandika, Bwana Wálter alirudi, nyuma yake Bi Benita, na nyuma ya Bi Benita wasimamizi wote kumi, wamevaa zile nguo za misa. Walikuwa wamekutana kwake katikati ya matairi bila kuniambia. Bwana Wálter akasema:

"Komadre, nyumba yako siinunui. Lakini kuilinda naweza."

Akaichukua kwa antikretiko. Wewe unajua, pesa zote anakukabidhi kwa mkupuo, anakaa bila kodi, na miaka miwili ikiisha wewe unamrudishia zake naye anakurudishia nyumba. Kati ya makompadre hilo halina haya hata kidogo, kwa sababu hakuna anayemtoa mwenzake. Mmoja amesafiri, mwingine amemwekea taa. Hatukubishana bei. Alitaja, nikasema ndiyo. Bi Saturnina alinibebea sanduku mpaka kituoni na njia nzima alinitukana kwa kuondoka.

Kwa hiyo malalamiko yote matano nayafuta, na madai yote manne. Nyumba haiuzwi, na gazeti likija kuinunua litakuta ina watu. Msanifu Ivonne alisema kweli tupu, tumia watu ulio nao. Niliyekosea ni mimi, nilidhani anazungumzia mapazia. Tafadhali barua hii msiichape.

Nina vyumba viwili, jiko, na mlango ambao bado sijapata sababu ya kuufunga. Nilifika siku sita kabla. Ni msichana, alizaliwa Jumanne alfajiri, na nilimwogesha mimi, maji ya uvuguvugu, Neyza ananitazama na kunielekeza kana kwamba ni mimi ndiye niliyezaliwa. Jina bado wanabishana. Nakuandikia kwa mkono mmoja, mwingine umembeba yeye, na ule mchirizi wa wino uliokatiza hapo juu karibu na neno "antikretiko" si uzee wangu. Aliikamata kalamu, akaivuta, akaniangalia. Ana siku nne, Ndugu Mhariri. Hilo, ukiona nafasi, unaweza kulichapa.